Kurekebisha nyumba ya mtu mwenye ulemavu Mombasa: vipimo, barua na milango ya kubisha

Baba aliporudi kutoka hospitali baada ya kiharusi, tulimsubiri mlangoni watu wanane, na sote wanane hatukuwa na jibu la ngazi tatu za nje. Ni tatu tu. Tangu utotoni nimezipanda nikikimbia, nikiwa na sinia la mahamri kichwani, nikiwa na mimba ya miezi tisa. Siku ile ndiyo nilipoziona. Vijana wa mtaani walimnyanyua pamoja na kiti chake cha magurudumu, wakamwingiza ukumbini kama waingizavyo kabati, naye akafumba macho mpaka wakamweka chini. Hakusema neno. Ilipita miezi saba kabla hajatoka nje bila kubebwa, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliipoteza kwenye foleni za ofisi ambazo hazikuwa na nilichokitaka.

Naandika haya kwa ajili yako uliye katika siku ya kwanza. Usiende ofisini na kilio kitupu. Nenda na vipimo, na kila ofisi uiombe kile ilicho nacho.

Kaunti ina nini, na haina nini

Jamaa zetu walioko Uingereza walikuwa wakiniuliza kila wakipiga simu, "Umeshaomba halmashauri?" Kule England halmashauri hutoa ruzuku ya kurekebisha nyumba ya mtu mwenye ulemavu, mpaka pauni 30,000, na anayetimiza masharti huipata kama haki yake. Kenya haina ruzuku ya namna hiyo. Nakwambia mapema ili usiitafute kama nilivyoitafuta mimi, dirisha hadi dirisha.

Tulicho nacho ni haki zilizoandikwa, na fedha zilizotawanyika. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na yanayofikika. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayostahili, na ya kupata vifaa vya kumwezesha. Jedwali la Nne linaweka mipango ya miji na makazi mikononi mwa kaunti. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Zitaje sheria hizi kwenye barua zako, kwa ufupi, kwa sababu karani anayeona umezitaja hukupokea tofauti.

Mahitaji yako yagawe mafungu matatu. Mimi sikuyagawa, nikaomba yote kwa wote, na kila mtu akanielekeza kwa mwenzake.

Fungu la kwanza ni vinavyobeba au kusaidia mwili: kiti cha magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, vifaa vya kusikia. Hivyo viombe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo wengi hulijua kwa herufi zake NCPWD, kupitia mfuko wake wa maendeleo.

Fungu la pili ni vilivyo ndani ya kuta: choo, bafu, milango, sakafu. Hapo mzigo ni wa familia, mwenye nyumba na wahisani. Kaunti inaingia moja kwa moja pale tu ambapo nyumba yenyewe ni ya kaunti.

Fungu la tatu ni vilivyo nje ya mlango: uchochoro, mtaro wazi, taa ya njia, kivuko cha kufikia barabara. Hapa kaunti ndiyo mwenye kazi, na hapa ndipo watu wengi wanasahau kuomba.

Kadi kabla ya yote

Bila kadi ya Baraza, mlango mwingi utakuwa nusu wazi. Njia yake ni hii: mgonjwa anapimwa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, Coast General ikiwa mojawapo, fomu ya tathmini inajazwa na kutiwa sahihi na wahusika wa afya, kisha usajili unafanywa kupitia eCitizen. Usipoweza mambo ya mtandaoni, maafisa wa Baraza walioko kaunti watakusaidia. Beba kitambulisho, picha ya pasipoti, na kama ni mtoto, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi au mlezi. Jopo la madaktari halikai kila siku, kwa hiyo uliza siku yake kabla hujakodi teksi ya kumbeba mtu mzima asiyeweza kupanda matatu. Sisi tulikwenda siku siyo.

Mkiwa huko huko hospitali, ombeni kitu ambacho hakuna atakayewakumbusha: barua ya mtaalamu wa tiba, yule anayemfundisha mgonjwa kuvaa, kula na kuoga upya. Mwombe aandike kile mgonjwa anachoweza na asichoweza, na nyumba inahitaji nini. "Hawezi kupanda kizingiti chochote akiwa peke yake, anahitaji choo cha kukalia chenye kishikio upande wa kushoto." Sentensi mbili kama hizo, zenye mhuri, zina uzito kuliko kurasa tatu nilizoandika mimi kwa machungu.

Kadi inafungua pia mambo ya fedha. Mtu mwenye ulemavu aliyeajiriwa anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa mshahara wa hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. Akishapata cheti cha Baraza na kile cha mamlaka ya kodi, tofauti ya miezi michache inatosha kumlipa fundi wa bafu. Kwa mwenye ulemavu mkali anayehitaji mlezi muda wote, upo mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, unaoandikishwa kupitia chifu na afisa wa maendeleo ya jamii. Hazijengi ukuta, lakini zinanunua saruji kidogo kidogo. Chifu mwambie mapema kwamba unangojea uandikishaji, kwa sababu haufanyiki kila mwezi.

Kwa viti na vifaa vya viungo, ulizieni pia chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, chenye karakana zake Bombolulu tangu 1969. Na kiti kitangulie kupatikana kabla hujampa fundi kipimo cha mlango. Kiti kikubwa kuliko nyonga za mtu kinamchosha, na kinagoma milangoni.

Siku moja ya kupima

Nunua futi ya kupimia ya mita tano, daftari, na chaki. Halafu chagua siku moja umfuate mgonjwa wako tangu alfajiri mpaka alale, uandike kila mahali alipokwama, kila alipoomba mkono, kila alipoacha jambo alilolitaka. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliona. Baba alikuwa ameacha kunywa maji baada ya magharibi, nasi tukadhani hana kiu. Alikuwa anaogopa kwenda chooni usiku.

Ukishayajua maeneo, pima. Kiti cha Baba kina upana wa sentimita 66, na mikono inayosukuma magurudumu inahitaji nafasi zaidi. Mlango ukiwa wazi uache uwazi wa sm 80 angalau, na 90 ndiyo raha. Kiti kikigeuka mahali pamoja kinataka duara la sm 150. Swichi na kitasa vikae kati ya sm 90 na 120 kutoka sakafuni. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sm 45 hadi 48, karibu sawa na kiti cha magurudumu, ili mtu ajivute kwa upande bila kupanda mlima.

Sasa rampu, ile njia ya mteremko inayochukua nafasi ya ngazi. Kanuni yake ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya mwinuko inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi zetu tatu zilikuwa na sm 16 kila moja, jumla 48. Mara kumi na mbili ni mita 5 na sm 76. Uchochoro wetu wa mbele hauna hata mita tatu mpaka ukuta wa jirani.

Fundi wa kwanza hakutaka hesabu. "Dada, mita mbili zatosha, mie nimejenga nyingi," akaniambia, nami kwa kuwa nilikuwa nimechoka nikamwachia. Alijenga kitu kilichosimama kama paa la nyumba. Siku ya kwanza mdogo wangu alimsukuma Baba hadi katikati, kiti kikamshinda, kikarudi nyuma naye akakizuia kwa kifua. Tukaivunja wiki ile ile. Saruji ile haikurudi.

Jibu lilikuwa nyuma. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ukumbi unapita katikati na vyumba kulia na kushoto, na mwisho kuna mlango wa uani. Nilipoupima mlango ule, kizingiti chake kilikuwa na sm 14 tu kutoka ardhini. Mara kumi na mbili, mita 1 na sm 68. Uani pana nafasi ya rampu mbili za namna hiyo. Miezi yote tulikuwa tunapigana na mlango wa mbele kwa sababu ndio mlango wa heshima, ule wa kupokelea wageni, na hakuna aliyefikiri kumpitisha mzee kwa nyuma. Nilimuuliza Baba mwenyewe. Akasema, "Mwanangu, nipitishe popote, bora nipite mwenyewe." Pima milango yote ya nyumba, na kisha muulize mwenye mwili wake.

Rampu ikizidi mwinuko wa sm 75, katikati ijengwe tuta bapa la sm 150 la kupumzikia. Upana usipungue sm 90, na pande zilizo wazi ziwe na ukingo mdogo ili gurudumu lisitoke. Kama nafasi haitoshi kabisa, unaweza kuikunja rampu, iende, igeuke kwenye tuta, irudi.

Nyumba ni ya nani? Na ardhi?

Hapa Mombasa swali hili lina majibu mengi kuliko mahali pengine.

*Nyumba bila ardhi.* Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe, maelfu ya watu wana nyumba zao lakini ardhi ni ya mtu mwingine, na kila mwezi wanalipa kodi ya ardhi. Sisi ni hao. Mwenye ardhi akiona saruji mpya, anafikiri unajichimbia mizizi. Kwa hiyo kabla ya jembe kugusa udongo, mpelekee barua yeye au wakala wake. Iseme kwamba hayo ni marekebisho kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, kwamba huongezi chumba wala huvuki mpaka, na kwamba rampu inaweza kuondolewa. Ambatisha nakala ya kadi na mchoro. Omba jibu la maandishi, na risiti zako za kodi ya ardhi ziweke pamoja na jibu hilo. Wakala wetu alinuna mwanzo, kisha alipoona mchoro wenye vipimo akasema, "Basi ni hiki tu?" akatia sahihi akiwa amesimama.

Kama unaogopa kabisa, rampu ya mbao ngumu au ya bati nene la chuma lenye mistari, inayowekwa na kuondolewa, haimpi mtu yeyote neno la kusema.

*Mji wa Kale.* Majumba ya zamani yanalindwa kama urithi, na mabadiliko ya sura ya nje, milango ya nakshi, baraza za mbele na roshani hupitia ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Usikate kizingiti cha mlango wa nakshi, tafadhali. Kizingiti kile kinavukwa kwa daraja dogo la mbao lenye mteremko ndani na nje, ambalo halipigwi msumari hata mmoja. Milango hiyo ina mbao mbili: fungua zote mbili, na mara nyingi upana unatosha. Ndani ya nyumba una uhuru zaidi, lakini ukuta unaobeba boriti usiuguse bila kuuliza.

*Nyumba za kaunti.* Mpangaji wa mitaa kama Tudor, Mzizima, Khadija au Changamwe, mwenye nyumba wako ni kaunti yenyewe, na barua yako inakwenda idara ya makazi. Anza na ombi lisilo na gharama: kubadilishana na kupewa nyumba ya chini. Ukishakuwa chini, omba vishikio vya chooni, na ruhusa ya maandishi ya kurekebisha kwa fedha zako wao wakichelewa. Kama mtaa wenu uko kwenye mpango wa kubomolewa na kujengwa upya, kama ilivyokuwa Buxton, andikisha mahitaji ya mgonjwa wako kabla ya kuhama, ili jina lake liwe kwenye nyumba ya chini au iliyo karibu na lifti.

*Nyumba ya kupanga.* Wenye nyumba binafsi wengi wanakubali wakiambiwa kwa heshima kwamba utarudisha kama ilivyokuwa. Andikianeni. Maneno ya mdomo yanasahaulika siku ya kuhama.

Kwa hali zote, ukitaka kuvunja ukuta mkubwa, kuongeza chumba au kujenga chochote kinachoingia njiani, uliza kibali cha ujenzi cha kaunti kwanza. Kufunga kishikio au kugeuza mlango hakuhitaji purukushani hiyo.

Barua ya kaunti, na kalenda yake

Kwa yale ya nje ya mlango, anza na msimamizi wa wadi. Ofisi yake iko karibu nawe na ndiye anayeujua mtaro wenu. Nakala mpelekee mwakilishi wadi, na nyingine idara ya kaunti inayoshughulikia huduma za jamii. Mzee wa mtaa mshirikishe pia, maana yeye huulizwa, "Ni kweli haya?"

Barua yangu ya kwanza ilijaa huzuni, na katika ofisi moja ilipotea pamoja na faili lake. Ya pili ilikuwa hivi, na naiweka hapa uinakili:

"Mimi ni binti na mlezi wa mzee mwenye ulemavu wa viungo, mkazi wa mtaa wa …, wadi ya …, kadi ya Baraza la Kitaifa nambari … Kutoka mlango wetu wa uani hadi barabarani ni mita 38. Katika mita hizo kuna mtaro wazi wenye upana wa sm 40 na kina cha sm 35, na mawe mawili ya kuzuia magari yaliyoachana kwa sm 62, ilhali kiti chake kina upana wa sm 66. Naomba: mtaro ufunikwe kwa vifuniko vya zege, na jiwe moja lisogezwe ili nafasi iwe sm 90. Njia hii inatumiwa pia na watoto wa madrasa na kina mama wajawazito. Naambatisha picha nne, mchoro, nakala ya kadi na barua ya mtaalamu wa tiba."

Jiwe lilisogezwa ndani ya wiki mbili. Vijana wawili na mtaimbo. Mtaro ulingoja bajeti.

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokewa pamoja na tarehe, uondoke nayo. Usiondoke bila mhuri hata karani akikuapia kwamba ameiandika kitabuni.

Bajeti ina miezi yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unawasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi linaloletwa Mei linakuta sufuria imeshapakuliwa. Mikutano ya wananchi kutoa maoni hutangazwa kabla ya hatua hizo: nenda na mgonjwa wako kama afya inaruhusu, na useme jina la uchochoro na idadi ya mita. Zaidi ya hapo upo mpango mkubwa wa kaunti wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, kwa hiyo utakapoandaliwa unaofuata, vikundi vya watu wenye ulemavu viwe mezani tangu mwanzo. Nasema vikundi kwa sababu mtu mmoja akiomba fungu la kurekebisha nyumba, ni shida yake. Kaya arobaini zikiomba kwa orodha moja yenye vipimo, inakuwa mradi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na orodha kama hiyo ndiyo ombi lenye miguu.

Mfuko wa NG-CDF, ule wa maendeleo ya eneo bunge, usiuombe choo cha nyumbani. Sheria yake inataka miradi inufaishe jamii pana. Ukimwendea mbunge, mwendee kwa karo ya mtoto.

Usipojibiwa, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika ukiuliza swali jepesi: ombi langu la tarehe fulani limefikia wapi, na ni fedha kiasi gani zimetengwa mwaka huu kwa watu wenye ulemavu katika wadi yetu? Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Zikipita, peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo Ombudsman. Mimi sikulazimika kufika huko. Barua ya kutaja hizo siku 21 ilitosha kulifufua faili.

Fedha za ndani ya kuta

Kabla ya kuchangisha, pata makadirio ya mafundi wawili, kila kitu kikiwa na idadi yake: mifuko ya saruji, futi za bomba, siku za kazi. Kamati ya msikiti, kanisa, chama cha kina mama, jamaa wa ughaibuni, wote hutoa kwa wepesi wakiona karatasi. Kwetu mmoja alisema, "Mimi nachukua mlango." Mwingine akachukua vishikio. Hakuna aliyeshika fedha taslimu za mwenzake, na hakuna aliyeuliza zimekwenda wapi. Mwezi wa Ramadhani, wakati wa zaka, karatasi hiyo iwe tayari tangu Shaaban.

Kazi ya fundi: anza na choo

Fedha zikiwa chache, zianzie chooni na bafuni. Rampu inampa mtu mtaa, lakini choo kinampa heshima yake, mara nyingi kwa siku.

Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, uani. Hatukukivunja. Fundi mwashi alijenga kiti cha zege juu ya tundu, kimo sm 46, akafunga juu yake kiti cha kawaida cha plastiki. Upande wa mkono wenye nguvu tuliacha nafasi ya sm 85 ya kuegesha kiti cha magurudumu. Asiyeweza kujenga, seremala amtengenezee kiti imara cha mbao chenye tundu, miguu ikiwa imefungwa sakafuni.

Vishikio vikae kimo cha sm 80 hadi 90. Hapa tulikosea jambo ambalo nataka ulishike. Baba ana nguvu upande wa kushoto. Tukaweka kishikio kushoto mwa njia ya kuingia, akaingia vizuri, akakaa. Wakati wa kutoka, kushoto kukawa kulia. Mkono mzima ukawa upande wa ukuta mtupu. Alikaa mle akiniita. Weka pande zote mbili, au umkalishe na kumsimamisha siku nzima kwa majaribio kabla ya kutoboa ukuta.

Kuta zetu za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa hazishiki skrubu. Plasta inameguka kama mkate mkavu. Bolti ipite ukuta mzima, na upande wa pili iwe na bapa la chuma. Kisha mwambie fundi aning'inie yeye mwenyewe kwa uzito wake wote. Fundi anayesita kuning'inia, kazi yake bado. Na kwa hewa hii ya chumvi, chuma cheusi kilichopakwa rangi kinaota kutu upesi. Tumia bomba la mabati au chuma kisichoshika kutu.

Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani, mwili wake unauziba mlango unaofunguka kwa ndani, na hutaweza kumfikia. Hii ni kazi ya nusu siku ya seremala, na naiomba kwa kila nyumba inayosoma haya. Uwazi ukiwa mdogo, ondoa fremu uweke pazia zito.

Bafuni tulijenga baraza ya zege ya kukalia, sm 45, ikishikana na ukuta. Kiti cha plastiki cha kawaida huteleza kwenye maji ya sabuni. Na kwa vile maji yetu ni ya pipa siku nyingi, pipa tuliliinua juu ya tofali, tukalitia bomba chini yake, kimo cha mkono wa aliyekaa. Mtu wa kiti hawezi kuinama ndani ya pipa na kata. Bomba hilo hilo ndilo la udhu. Sakafu iwe simiti iliyosuguliwa kwa ufagio ikiwa mbichi, iwe na mteremko mdogo wa sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Vigae vya kung'aa viache sebuleni.

Kwa asiyeona, usihamishe samani bila kumwambia, na kingo za ngazi zipake rangi inayopingana na sakafu, maana wengi wana uoni kidogo uliobaki. Kwa asiyesikia, kengele ya taa mlangoni. Kwa mtoto, vishikio vifungwe kwa namna ya kupandishwa, kwa sababu anakua.

Rampu iachwe ikomae siku saba ikimwagiwa maji kabla ya kupita kiti. Siku ya kwanza, apande mwenyewe, wewe ukiwa nyuma yake mikono ikiwa tayari bila kushika. Kisha kila mwaka masika yakiisha, pitia bolti zote kwa spana, sugua ukungu wa kijani kwenye rampu kwa brashi ya waya, na inua vifuniko vya mtaro uone kama mchanga umejaa chini yake. Ukiwa umejaa, piga picha, andika tarehe, urudi kwa msimamizi wa wadi na nakala mbili.